Chai ya Nuriat Haiishi

Basi liliposimama Namawojjolo, soko la kando ya barabara ya kuingia Kampala, mishikaki ya kuku iliingia dirishani mpaka karibu na pua yangu. Sikununua. Mimi Wanjala wa Kimilili, Mluhya wa baba na mama, nilimkataa kuku aliyejileta mwenyewe mpaka kwenye kiti changu. Nilijiambia: ninakwenda kuonana na baba yake Adoch, msichana ninayetaka kumwoa; baba ni mwanajeshi mzima, na mwanajeshi hamkaribishi mgeni kwa mboga. Acha tumbo libaki na nafasi.

Wacha nikueleze nafasi hiyo ilijazwa na nini.

Adoch alinipokea Old Kampala, nje ya duka moja kuukuu la vitambaa, mnara wa msikiti ukituchungulia kutoka juu. Tulijuana mwaka jana mtaa wa Ntinda, huko huko Kampala, dukani kwa dada yangu Nelima anayeuza mapazia, na tangu hapo nimevuka mpaka wa Busia mara nyingi kuliko malori ya mahindi. Sasa tulikuwa na haja moja tu: baba yake, Afande Olal, akubali wazee wangu waje kubisha hodi. Na ilibidi akubali siku hiyo hiyo. Kesho yake alfajiri alikuwa anarudi kambini Karamoja, na mtu akishaingia huko hutoka pale wakubwa wake wanapopenda. Mimi nami basi langu la kurudi lilikuwa jioni.

"Sikia," Adoch akasema, akininyoosha kola kama mtoto wa shule. "Usianze wewe. Baba ndiye huanza maneno. Na tafadhali, Wanjala, usilete mzaha wako. Hata kidogo."

"Hata ule wa mbuzi na mchungaji?"

"Huo ndio kabisa."

"Sawa. Tunakula wapi?"

"Kwa Nuriat. Ni nyumba ya chai ya Kiarabu. Hawauzi nyama."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Ndipo nikaanza kuogopa.

Akanieleza tukitembea. Baba yake alisilimu akiwa jeshini. Mama yake, Mama Helen, ni mlokole wa kukesha. Baba hagusi nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu. Mama hagusi nyama iliyosomewa dua ambayo yeye hakuitikia amina. Nyumbani wana sufuria mbili na miko miwili. Wakitaka kutoka pamoja bila kununiana, wanakwenda kwa Nuriat, ambako hakuna kitu kilichochinjwa, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa nani kashika kisu.

"Biringanya haina dini," Adoch akasema.

"Haina kuku pia," nikasema. Akanifinya.

Tulivua viatu mlangoni. Ndani kulikuwa na mazulia, mito imepangwa ukutani, meza fupi za sinia za shaba, na harufu ya nanaa na iliki. Afande Olal alikuwa ameketi kwenye mto wake wima kabisa, kana kwamba mto ule ameamriwa aulinde. Mama Helen alikuwa kando yake, mpole, mkoba mapajani.

"Kijana ya Kenya," Afande akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Umefika?"

"Nimefika, Afande. Mzee. Baba." Nilimpa vyeo vyote achague mwenyewe.

"Kaa. Kunywa chai kwanza."

Nuriat, mama mwenye nyumba, akaja na birika lenye shingo ndefu kama korongo. Akamimina kutoka juu, chai ikashuka kama uzi, ikaingia kwenye kikombe ambacho kwetu tungempimia mtoto dawa ya kikohozi. "Karibu, ssebo," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda.

Sasa, kwetu ukibakiza chai kikombeni, bibi yangu atataka kujua amekukosea nini. Chai unaimaliza yote, kisha unaweka kikombe chini, kitupu, ili mwenyeji aone umeheshimu mkono wake. Basi nikamaliza. Nikaweka kikombe chini vizuri, kijana aliyelelewa. Nuriat akapita, akakijaza. Nikamaliza tena. Akajaza tena.

Chakula kikaja. Dengu zilizopondwa na kumwagiwa mafuta. Maharage. Biringanya iliyochomwa mpaka ikakata tamaa. Halafu madonge ya kahawia, yamekaangwa, ya duara, mazuri kabisa. Moyo wangu ukaruka. Nilijua tu kwamba nyama itakuwa imefichwa mahali. Nikauma moja. Dengu. Nikauma la pili, huenda la kwanza lilikosewa jikoni. Dengu.

Nikamtazama Afande, nikingoja aanze. Afande akanitazama. Akanywa chai yake. Nami nikanywa yangu. Nuriat akajaza.

Meza ya pili mzee mmoja wa kanzu aliinua kikombe chake akakitikisatikisa huku na huku. Nuriat akakichukua, akaenda zake bila kumwongeza. Nilimhurumia. Mikono inamtetemeka, maskini, na kwa kosa hilo tu wamemnyima chai.

Afande akakohoa kusafisha koo. Nikakaa sawa. Adoch akanigusa goti chini ya sinia. Hii ndiyo saa.

"Nuriat!" Afande akaita. "Ongeza kijana chai."

Ndugu yangu, sijui kama umewahi kukaa mahali ambapo maneno yako yote yamejaa mdomoni na chai yote imejaa kwingineko. Mzaha wa mbuzi na mchungaji ulipanda mara tatu, nikaumeza mara tatu. Hata habari za mvua hakuuliza. Hata bei ya sukari! Mtu yule alikuwa ananitazama mimi, kisha kikombe changu, kisha mimi, uso umekaza kama wa askari wa kizuizi cha barabarani anayesubiri dereva akiri kwamba amebeba magendo. Nami nikawaza: ananipima. Anataka kuona kama ninaweza kukaa. Basi nitakaa! Nikanywa. Akanywa. Nuriat akajaza vyote viwili.

Nje jua lilishaanza kuelekea upande wa basi langu. Nilibana miguu. Nilihesabu maua ya zulia. Nilianza kumchukia Nuriat, mama wa watu asiye na kosa, na birika lake lisilojua kukauka.

Mwishowe Mama Helen ndiye aliyeinama kwangu, akanong'ona. "Mwanangu, wewe huwa unashiba chai lini?"

"Mama, nilishiba zamani. Ni huyu mama anajaza tu."

"Sasa mbona hutikisi kikombe?"

"Kutikisa?"

"Hapa kikombe kitupu ni kuomba. Ukimaliza unatikisa. Baba Adoch naye hasemi neno la maana na mgeni ambaye bado anakunywa. Amekaa hapo anakungoja."

Nikamgeukia Adoch. Akafunika mdomo. "Nilidhani unafurahia! Kwenu nilikuona na birika lako peke yako!"

Nilikitikisa kikombe kile mpaka tone la mwisho likaruka likatua kwenye biringanya. Afande akashusha pumzi ndefu.

"Eh! Mwisho umemaliza. Sasa sema. Unataka nini?"

Na hapo, baada ya kungoja kote kule, mwili wangu ukakataa. Nilifungua mdomo, likatoka neno moja tu: "Choo."

Kiko nyuma ya jiko, ni kimoja. Nilikimbia soksi zikiteleza. Sijamaliza hata kushukuru, mlango ukagongwa.

"Kijana. Toka."

"Baba?"

"Toka haraka. Unafikiri chai mimi nilikuwa namwaga chini? Mgeni nakunywa, mimi naacha kunywa? Hiyo heshima gani?"

Nikanawa mikono. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo, wallahi nilikuwa nafungua. Lakini mzaha uliobanwa tangu mchana una nguvu zake.

"Baba, nikitoka utaniuliza tena ninataka nini?"

"Sema hapo hapo!"

"Ninataka kuleta wazee wangu kwa ajili ya Adoch."

"Leta! Fungua."

"Lini, Baba?"

Sauti ya mguu ukikanyagakanyaga.

"Krismasi napewa ruhusa. Wiki baada ya Krismasi. Jumamosi. Fungua mlango, we mtoto!"

Nilifungua. Alinipita kama anayeingia vitani.

Nilirudi mezani nikakaa. Adoch aliniangalia, akajua. "Umefanya mzaha."

"Mdogo."

Akafumba macho. Tukasubiri. Afande akarudi, akaketi wima kwenye mto wake, akanitazama mpaka nikasikia soksi zangu zinatoa jasho.

"Huyu kijana yako," akamwambia Adoch, "iko na kichwa mbaya sana." Akachukua donge la dengu. "Lakini kushika mlango, hiyo jeshini ndiyo kazi ya kwanza. Tarehe nilisema, nimesema."

Mama Helen akacheka ndani ya kitambaa chake. Mimi nikataka kuruka.

"Wazee yako tutapokea hapa hapa kwa Nuriat," Afande akaendelea. "Siku hiyo mimi na mama hatutaki vita ya kisu. Chai, dengu, biringanya. Kwisha."

Nikakaa chini tena, ingawa nilikuwa sijainuka.

Njiani kwenda kwenye basi simu ikalia. Baba mkubwa Makokha, kiongozi wa wazee wangu, mtu ambaye hawezi kuwaita watu wakwe mpaka wamemkabidhi firigisi ya kuku.

"Wanjala! Wamesemaje?"

"Wamekubali, Baba mkubwa. Wiki baada ya Krismasi."

"Aaa! Safi kabisa! Nitakuja na wazee saba. Na niambie, huko kwao kuku wanampika na mchuzi ama wanamkausha?"

Niliiangalia simu. Niliangalia juu, niliangalia Kampala yote.

"Baba mkubwa," nikasema, "mtandao unakatika," nikaukata.