Minara ya Ufuta

Mnara wa kwanza ulipiga magoti saa nne asubuhi, na wa pili ukaufuata kabla Valeria hajamaliza kuulaani wa kwanza. Alikuwa ameioka kwenye makopo ya maziwa ya unga, akaipaka sukari nyeupe, akaisimamisha mezani minne. Sasa joto la Mingoyo lilikuwa linaimaliza mmoja mmoja. Keki laini haiwezi kuwa mnara. Mimi na wewe tungeliona hilo mapema, lakini Valeria alikuwa na kichwa kigumu, na wala hakuwa na mpango wa kukibadilisha.

"Nimesikia kitu kimeanguka," alisema mumewe, Damiani, akichungulia dirishani.

"Hujasikia kitu."

"Nimesikia. Nikadhani ni choo cha jirani."

Damiani alikuwa fundi mwashi. Aliingia ndani, akatoa mfukoni timazi yake, ile kamba yenye chuma kizito mwishoni, akaishusha kando ya mnara wa tatu kwa makini kama anapima ukuta wa msikiti.

"Huu unaelekea Mtwara," alisema.

"Toka!"

Alitoka akicheka. Valeria naye alicheka, ila si kwa moyo wote, maana hiyo keki ilibeba mambo mengi kuliko sukari.

Wiki mbili nyuma, Kudra binti Mwahija wa Rasbura alikuja na picha aliyoichana kwenye jarida la Ulaya lililotokea ndani ya robota la mitumba. Ilikuwa keki yenye umbo la ngome, yenye kuta, lango na minara minne ya mviringo kwenye pembe.

"Dada Vale, nataka hii kwa harusi yangu."

"Hii ni ngome, mdogo wangu."

"Ndiyo! Rashidi wangu ni mtu wa Kilwa. Kwao ngome zimejaa mpaka mbuzi wanakaa kivulini mwake. Nikimwekea keki ya duara atashtuka nini?"

Valeria hakuwahi kutengeneza keki isiyo ya duara tangu azaliwe. Akasema, "Haina shida." Mdomo ulishaondoka, akili ikabaki inautafuta.

Damiani aliposikia, alikaa kitako kabisa. Yeye alitaka warudi Newala kwenye mikorosho ya marehemu baba yake. Tangu biashara ziachiwe huru, alisema, watu wamepagawa, mwalimu anauza mitumba, nesi anauza sambusa, na sasa mke wake anauza ngome. Wakabishana hadi wakachoka, mwisho wakapeana mikono. Keki ikisimama mpaka bibi harusi aikate, wanabaki Mingoyo na Valeria anafungua duka la keki, lenye kibao. Ikianguka kabla ya kisu, wanafunga virago kurudi Newala, na hakuna kununa.

Basi Valeria aliogopa. Aliipenda Mingoyo, njia panda ile, magari yakishusha abiria wenye njaa. Alipenda kufunua sufuria lenye mkaa juu na mkaa chini, akakuta kitu kimeumuka humo ndani kwa sababu ya mikono yake. Korosho zilikuwa jambo jema, lakini korosho haziumuki.

Kwa hasira akachukua kashata ya ufuta, akaing'ata. Kashata ikakataa. Akaing'ata tena, jino likalia, na Valeria akaruka juu kama amekanyaga kaa la moto.

"Mama yangu!" alipiga kelele. "Damiani! Jino langu limetaka kukatika!"

"Sasa unafurahi nini?"

Hakumjibu, alishakimbilia jikoni. Alichemsha sukari mpaka ikawa rangi ya chai, akamwaga ufuta, akaitandaza kwenye ubao uliopakwa mafuta. Ikiwa bado moto akaizungusha kwenye chupa ya soda, akahesabu mpaka ishirini, akaivuta chupa. Mnara! Mgumu, una rangi ya dhahabu, ukiugonga unalia. Aliungua vidole vitatu na hakujali hata kimoja. Mapaa yake aliyakunja kwenye karatasi, kama zile za kuuzia karanga, yakatoka yamechongoka vizuri. Damiani alikuja na timazi yake, akapima, akapima tena, akairudisha mfukoni.

"Sema basi," Valeria alimchokoza.

"Umenyooka," alisema Damiani kwa uchungu.

Siku ya harusi walikwenda Rasbura kwa pikapu ya kukodi. Kuta za keki zilikaa mapajani kwa Valeria, na minara ilisafiri ndani ya sufuria, imefungwa kanga kama watoto wachanga. Mwahija, mama yake Kudra, aliwapokea uwanjani chini ya turubai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ndiyo ngome? Mbona haina vichwa?"

"Vichwa vinakuja, mama."

Valeria aliingiza miguu ya meza kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Kisha kila pembe ya keki akaichoma njiti mbili za mishikaki mpaka chini kabisa, akauvika mnara juu ya njiti hizo, akauzungushia ute wa yai uliopigwa na sukari ya unga mpaka ukawa mzito kama saruji. Akaushika kila mmoja huku akiimba moyoni mpaka ukakamata. Minne yote ikasimama. Wanawake wakapiga vigelegele, Mwahija akajifunga kanga upya na kucheza peke yake, na Valeria akahisi anaweza kuruka mpaka Kilwa na kurudi bila kukanyaga chini.

Alikuwa ameshapiga hesabu ya joto, sisimizi na mashimo ya barabarani. Watani aliwasahau. Mmakonde mzima, ambaye siku ya harusi yake mwenyewe mabinamu walimficha kiatu cha kushoto mpaka akaingia kanisani anachechemea, akasahau watani! Ukimuuliza leo bado anajipiga kofi la paji.

Kudra na Rashidi walikuwa wameshika kisu tayari pale Twalib alipoingia. Huyu alikuwa mtoto wa mjomba wake Kudra, mtani halali, na alikuwa amevaa mabuti ya mvua na gauni la dada yake.

"Nani kamwozesha mke wangu?" aling'aka. "Sijatoa talaka, sijapewa hata chai!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Twalib akatembea mpaka mezani, akashika mnara wa mbele.

"Huu naondoka nao!"

Akaung'oa. Ukatoka na njiti zake mbili, na njiti zikatoka na pande zima la ukuta. Mnara wa jirani ukatikisika, ukaanza kuinama taratibu kuelekea kwa wageni.

Aliyekuwa karibu na meza ni Damiani. Ili ashinde, alihitaji tu kusimama vile vile alivyosimama. Alimwangalia mkewe, mkewe akamwangalia, na Valeria akaiona Newala yote usoni mwa mume wake. Kisha mkono wa fundi ukatoka. Kiganja kikakaa kwenye ukuta, kidole gumba kikaingia chini ya mnara, na keki ikatulia.

"Ngome ina askari!" mtu akapiga kelele, wageni wakashangilia.

Twalib akatangaza fidia. Mzee Abdulrahmani, baba mkubwa wa bwana harusi, mtu mzima mwenye kanzu na heshima zake, alie kama mbuzi mara tatu. Mzee akakataa. Wazee wa Kilwa wakakaa kikao. Wakaomba mara moja, Twalib akasema mara nne. Muda wote huo Damiani alisimama, sukari ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko, nzi wakimtembelea. Mpiga picha alimpiga picha tatu.

"Uachie upumzike, shemeji," alisema Twalib kwa huruma ya uongo.

"Wewe endelea na mbuzi wako," alijibu Damiani.

Mwishowe Mzee Abdulrahmani akavua kofia, akalia. Alilia vizuri kiasi kwamba nyuma ya jiko mbuzi wa kweli akamjibu. Hapo hapakuwa na mtu aliyebaki kwenye kiti. Twalib akarudisha mnara, paa lake likiwa limeshaliwa, na Kudra, machozi ya kicheko yakimtoka, akakishika kisu na mumewe, wakakata.

Damiani akauondoa mkono. Ngome ikalala chini hapo hapo, puu! Minara haikukatika kwa kisu, ikabidi ivunjwe kwa mchi wa kinu, na watu walipigania vipande mpaka vya mwisho.

Valeria alimkuta mumewe nyuma ya turubai, anakunja na kukunjua vidole vilivyokufa ganzi.

"Ulikuwa umeshinda," alimwambia. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Ungetulia tu, Damiani. Ilikuwa inaanguka."

"Nani kasema ilikuwa inaanguka?" Damiani alilamba sukari kwenye kidole gumba. "Mimi nilikuwepo. Ilisimama mpaka kisu."

"Na Newala je?"

Damiani akalamba na kidole cha pili.

"Lile sufuria la mkaa halifai duka," alisema. "Nitakujengea tanuri la matofali. Mlango wake unataka utazame wapi?"