Mguu Sawa Mbele ya Simu

Mtaa mzima ulimwita Mguu Sawa, na jina hilo hakuliokota barabarani. Maisha yake yote jeshini alifundisha gwaride, na alipostaafu alirudi nyumbani na gwaride lake lote. Viatu vilipanga mstari mlangoni. Vikombe kabatini vilielekeza mikono upande mmoja. Wambea walidai hata jogoo wa jirani akikatiza uani kwake hubana mabawa.

Mtu huyo ndiye aliyeletewa ujumbe wa simu ukimtaka athibitishe kwamba yuko hai.

Zamani mstaafu alikwenda ofisi ya pensheni, akakohoa mbele ya karani, karani akaridhika. Siku hizi kuna programu. Unaitazama, inakuambia upepese macho, na ikipendezwa nawe inakuruhusu kuendelea kuishi mpaka mwaka ujao. Mwisho ulikuwa Ijumaa. Asiyethibitika, kitambulisho chake kinafungwa, na kitambulisho hicho ndicho kilichompatia mkewe nafasi ya kupasuliwa macho Jumatatu, hospitali ya jeshi. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga mama wa watu macho yote mawili, mpaka akawa anaimimina chai mezani na kikombe kiko pembeni kinamtazama. Nafasi hiyo waliisubiri tangu mwaka juzi.

Basi Jumatano nyumba ikajaa. Binti yao alikuja na simu mpya. Fundi cherehani wa jirani alikuja kuazima mkasi, ingawa mikasi yote ya mtaa iko kwake. Kinyozi alikuja na kiti chake kabisa, asije akakosa pa kukaa.

Simu ilipoinuliwa, mzee akasimama, akabana visigino, akatoa kifua, macho mbele. Simu ikaomba apepese. Wapi! Haukuwa ukaidi, ulikuwa mwili. Aliwafundisha vijana wa watu kwamba askari akikaguliwa, nzi akitua puani mwake, nzi ndiye atakayechoka. Sasa ile kamera ikimtazama tu, kope zinakaza kama mlango wa ghala. Alipojitahidi kuzifumba, zilifumba simu ilipokwisha kukata tamaa. Ikamwandikia kwa adabu kwamba tafadhali asitumie picha, asimame mtu mwenyewe.

Kinyozi alicheka mpaka akatoka nje. Fundi cherehani akashauri apuliziwe pilipili kidogo. Jirani mwingine akampigia makofi sikioni, kana kwamba mzee hakuwahi kusimama kando ya mizinga bila kutikisika. Mwishowe simu ikatangaza kwamba majaribio yamekwisha, mhusika aende ofisini.

Alhamisi wakaenda wote watatu, mzee, mkewe na binti. Karani alikuwa kijana mpole, msafi, asiye na msaada wowote. Alimpa mzee mkono, akamkaribisha kiti, akamuulizia afya, kisha akamweleza kwamba hayuko.

"Lakini si unaniona?" mzee akauliza.

"Mimi nakuona, mzee wangu. Mfumo ndio haujakuona."

Mzee akaomba fomu ya kuandika kwa mkono. Ipo, karani akasema, ila hiyo ni ya warithi. Akamshauri aijaze mkewe, akiwa mjane. Binti akawahi kumshika baba yake mkono kabla gwaride halijageuka vita. Karani naye, kwa huruma au kwa woga, akawafungulia jaribio moja. La mwisho, alisisitiza. Likishindikana hilo, hata yeye hana mamlaka ya kufufua.

Nje, mkewe akasema hataki kwenda nyumbani kusikiliza ushauri wa kinyozi. Apelekwe hapo jirani, kwenye makumbusho ya jeshi ambayo mumewe haachi kuyasema.

Huko Mguu Sawa alijulikana vizuri kuliko alivyotaka mkuu wa makumbusho. Wastaafu huingia bure, naye kila wiki aliingia, si kutazama bali kukagua. Kulikuwa na sanamu ya askari amevaa sare za zamani, kibao kikieleza kwamba yuko tayari kwa ukaguzi. Mzee alishasema na kurudia kwamba kwa kamba za viatu vile yuko tayari kwa kifungo. Mtembeza wageni akimwona tu hukumbuka ana kazi ghalani.

Siku hiyo hakuwahi kukimbia. Mzee alimwacha mkewe mbele ya sanamu, akamfuata yule mtembeza wageni mpaka pembeni, akamsomea mashtaka yote: kofia imelala, mkanda umepinda, kidevu kimeshuka. Binti akaenda kuwatenganisha.

Waliporudi, walimkuta mama ameshika mkono wa ile sanamu, ameegemea, anaongea nayo taratibu.

Mzee akafungua kinywa amshtue. Akasikia anachoambiwa, akakifunga.

"Afadhali umenyamaza," mkewe alikuwa anaiambia sanamu. "Tangu jana unafoka tu. Najua unaogopa kwamba kesho ikipita macho yangu yamekwenda, na utasema ni kosa lako. Sasa sikiliza. Hata wasiponipasua, mimi nakujua kwa kukohoa, nakujua kwa viatu. Nilitaka kukuona mara moja tu ulivyozeeka, maana nasikia umezeeka vibaya. Lakini ukiendelea kugombana na simu utanifia kweli, na hapo mfumo utakuwa umesema kweli. Ukifa ndipo mimi nitakapokuwa kipofu."

Sanamu haikujibu. Ilisimama imara, kofia imelala.

Mguu Sawa alisimama hatua chache nyuma. Mabega yalishuka kwanza, kisha kidevu, mkanda ukapanda juu ya tumbo. Macho yakaanza kumwasha, akapepesa, akapepesa tena, akageuza uso huku na huku kutafuta pa kuuficha. Kila alipougeuzia, binti alikuwa ameshafika hapo na simu, kimya, kama mwizi. Kioo kikawa kijani. Kikaandika asante kwa kuwa hai.

"Baba, imekubali," binti akanong'ona. "Jumatatu ipo."

Mzee akakohoa, na mkewe akashtuka, maana kikohozi kimetokea nyuma yake. Akapandisha mkono polepole kwenye shavu la yule aliyemshika, akaligonga kwa kidole. Likalia kama ndoo tupu.

"Huyu nani?"

"Sanamu, mama," binti akasema.

Mzee akasogea, akampa mkono wake mwenyewe, akamwambia kwa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia kwamba amesikia yote, na kwamba Jumatatu atamwona, amezeeka kama alivyoambiwa. Mkewe akaushika huo mkono. Ule mwingine hakuuachia.

"Ngoja kwanza nimuage," akasema. "Tangu niolewe, huyu ndiye wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho."