Maji ya Majivu kwa Nguo za Chiriku

Dada yangu alinikabidhi mtoto wake akiwa amevishwa soksi mikononi. Alikuwa na miezi minane, na soksi zile zilikuwa za kumzuia asijichubue, maana shingoni, kwenye viwiko na nyuma ya magoti ngozi ilikuwa nyekundu, imepasuka, inatoa majimaji. Dada anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Kutwa anachota sabuni ya unga kwa kopo na kuitia mashineni, na wakati ule alikuwa analala kwenye vyumba vya wafanyakazi, nyuma ya hapohapo. Vumbi la sabuni lilikuwa kwenye nywele zake, kwenye shuka, mpaka kwenye titi alilomnyonyesha mtoto. Muuguzi wa zahanati alimwambia bila kumung'unya maneno: mtoto huyu na unga huo haviwezi kukaa nyumba moja. Baba wa mtoto alikuwa ametokomea zamani, huyo tumwache huko aliko.

"Kaa naye mpaka ngozi ikae sawa," dada aliniambia. "Ikikaa sawa tu, namchukua."

Nikasema sawa. Nilisema kirahisi, kama mtu aliyeombwa kushikilia mfuko mara moja.

Mimi nilikuwa nakaa peke yangu, chumba na kijiukumbi, na kazi yangu ilikuwa kukunja pindo na kushona vifungo vya fundi cherehani aliyepanga mlango wa pili. Nguo ananiletea, namalizia nyumbani, jioni anazichukua. Kwa hiyo muda wa kukaa na mtoto nilikuwa nao. Nilichokuwa sina ni kitu cha kumfulia.

Nilianza na sabuni ya mche. Ilimwasha kidogo kuliko unga, lakini ilimwasha. Nikajaribu ndimu: nikakamua kwenye beseni, nikaloweka, nikaanika juani. Nguo zikatoka na mabaka meupe kama ramani, na harufu ya maziwa ya mtoto ikabaki palepale. Nikajaribu siki, fundi akaja mpaka mlangoni ameziba pua na kitambaa cha mteja, akauliza kama nafua au natia achari. Nikajaribu majani ya mpapai, niliyoyatwanga na kuyachuja. Hayo yalitoa povu kidogo na mafuta yalikubali, ila fulana zote sita zikawa na rangi ya chura. Fundi akasema, "Mwanangu, mtoto atapotea kwenye majani huyo, hutamwona."

Yeye ndiye aliyenipa habari ya majivu. Alisema bibi yake alikuwa akifulia hayo kabla sabuni haijafika kwao. Nikachota kwenye jiko langu la mkaa siku ileile, na hapo nikafanya ujinga, kwa sababu jiko langu nilikuwa naliwasha kwa mfuko wa plastiki na mafuta ya taa. Maji yalitoka ya kijivu, yananuka taa. Nikamwaga. Kesho yake nikaenda kwa mwoka mikate wa mtaa wa nyuma, ambaye hachomi kitu ila kuni kavu, nikamwomba majivu yake. Akacheka, akasema watu humwomba mkate.

Majivu ya kuni unayachekecha mpaka yawe laini kama unga. Unayafunga kwenye kitambaa, unayaweka kwenye ndoo, unamimina maji ya moto juu yake na kuyaacha mpaka kesho. Asubuhi unachota yale ya juu tu, masafi, yana rangi ya chai hafifu, na ukiyasugua kidoleni yanateleza. Mara ya kwanza niliyafanya makali, ncha za vidole vyangu zikabambuka wiki nzima. Fundi akanifundisha kuchovya unyoya wa kuku: ukilainika na kuanza kuyeyuka, maji hayo hayafai kugusa mtoto, ongeza ya mvua. Nikawa naongeza mpaka unyoya utoke mzima. Baada ya kufua nasuuza mara tatu, na mara ya tatu natia kijiko kimoja cha siki kuua kile kikali kinachobaki kwenye uzi. Nguo ikikauka, simvishi bado. Nakata uzi mgumu kama upo, halafu naifunga kwenye mkono wangu mwenyewe, upande wa ndani ambako ngozi ni laini, toka asubuhi mpaka jua lizame. Mkono usiponiwasha, ndipo navalisha.

Miezi minne ilipita, viwiko vikakauka. Soksi nikazivua. Alipopata mikono yake akapata na mdomo, maana tangu siku hiyo hakunyamaza. Anaongea na beseni, anaongea na vifungo, anamsimulia fundi mambo ambayo hayakutokea. Tukamwita Chiriku. Mimi aliniita Mamdogo, neno moja, na asubuhi salamu yake ilikuwa kunipanda mgongoni kabla sijafumbua macho.

Kujikuna hakukuisha mara moja. Siku za joto shingo ilikuwa ikimwasha hata nguo ikiwa safi namna gani, na kucha za mtoto hazina huruma. Nikamfundisha akiwashwa akalie mikono yake, ahesabu mpaka nije au mpaka iache. Kuhesabu alikuwa hajui, anataja tu tatu, tatu, tatu. Nikirudi nikamkuta amekalia mikono namwambia, "Hodari," na yeye anavimba kichwa siku nzima.

Dada alikuwa akija Jumapili. Alivua nguo zake zote bafuni kwangu, akavaa gauni langu nililofua kwa majivu, ndipo akamshika mwanawe. Alinitania kwamba nimekuwa mganga, kilichobaki ni kupiga ramli. Lakini kabla ya kuondoka kila mara alimfunua mtoto shingo, anaangalia.

Chiriku alipokaribia miaka mitatu, dada alikuja Jumapili moja, akamvua gauni mlangoni kwenye mwanga, akamgeuza mbele na nyuma kama anayekagua kitambaa dukani. Hakuona kitu. Hata alama. Akakaa chini akalia. Na mimi nikalia, na yeye akadhani tunalilia jambo moja.

Akanieleza kwamba amepata chumba chake mwenyewe, mbali na kazini, na zamu ya mchana tu. Jirani yake huko analea watoto wa watu. Mwisho wa mwezi angemchukua.

"Umefanya kazi kubwa, mdogo wangu," alisema. "Sasa na wewe upumzike. Uolewe, uzae wako."

Nikamwambia ni kweli.

Yalibaki majuma mawili na siku chache. Sikumwambia Chiriku kitu. Nilimfulia kila alichokuwa nacho, hata visivyochafuka, na jioni nilipokuwa nakunja nguo zile ndogo nilikuwa nazihesabu kisha nasahau, naanza upya. Fundi aliniona nimeshona vifungo vya shati upande usio wake, akanirudishia bila kusema neno, na yeye si mtu wa kukosa neno.

Sikupanga nilichofanya. Au nilipanga, sijui niseme vipi. Nilikwenda dukani kununua chumvi, nikarudi na chumvi na kipakiti cha sabuni ya unga. Njiani nikajiambia ni ya kufulia dekio. Nikadeki, nikafua dekio, na unga ukabaki nusu. Siku ya pili yake nikachukua fulana moja, ile ya njano aliyoipenda, nikaifua kwa ule unga, nikasuuza mara moja. Nakumbuka hesabu niliyojipigia: fulana moja tu. Vipele vichache, dada ataona bado. Mwaka mwingine. Mtoto hafi kwa vipele.

Ile fulana sikuifunga mkononi.

Nilimvisha Ijumaa asubuhi. Nikakaa na pindo zangu. Alicheza, akaongea na beseni, akamwimbia fundi kupitia ukutani. Halafu sikumsikia tena. Nilishona kifungo kimoja, cha pili, nikiwa najua kabisa kwa nini kumenyamaza. Nilipoinuka nilimkuta nyuma ya mlango. Amekaa sakafuni, ameuma midomo, machozi yanateremka mpaka kidevuni, na mikono yote miwili iko chini ya mapaja.

"Unafanya nini hapo, mama?"

"Nimekalia mikono."

"Inawasha?"

"Inawasha sana. Lakini sijikuni, Mamdogo. Ona."

Akainamia upande mmoja nione mkono ulivyobanwa. Vidole vilikuwa vyeupe, damu imekimbia. Alikuwa anangoja nimsifu. Na mimi nikasema, "Hodari." Mungu anisamehe, neno hilo lilinitoka, naye akatabasamu na kamasi zake.

Nikamvua fulana, nikamwogesha kwa maji matupu, nikamfunika kwa shuka lake la zamani. Mgongo mzima ulikuwa umeinuka. Kwapani palishachanika pale mshono wa fulana ulipogusa. Nilimpepea mchana wote na kila nilipoacha alisema, "Tena." Ule unga uliobaki nikaumwaga chooni. Haukunisaidia kitu kuumwaga.

Jumapili dada alifika amebeba viatu vipya vya mtoto. Alivua nguo zake bafuni kama kawaida, akaja, akamfunua. Nikaona uso wake unavyoshuka. Akapitisha kidole pembeni ya kile kidonda cha kwapani bila kukigusa.

"Kumbe bado," akasema. "Basi. Namwacha. Chumba kitanisubiri au kisinisubiri."

Hapo nilikuwa nimepata nilichokitaka. Chote, bila kuombwa hata maelezo. Kama dada angenyamazia hapo, sijui ningekuwa mtu gani leo. Lakini alianza kujitafutia kosa. Akaniuliza kama Jumapili iliyopita alioga vizuri. Akanusa mikono yake. Alikumbuka kwamba alimkumbatia mtoto pale mlangoni kabla ya kubadili nguo, kidogo tu, kwa sababu Chiriku alimkimbilia na akashindwa kumzuia.

"Ni mimi, eti?" akasema. "Nimemgusa na nguo za kazini. Mama gani mimi, hata kumshika mwanangu namuunguza."

"Si wewe," nikamwambia. "Ni mimi. Nilifulia fulana yake sabuni ya unga."

"Majivu yalikwisha?"

"Yalikuwepo."

Hakuelewa. Alinitazama kama anayesubiri nimalizie sentensi.

"Nilitaka awe na vipele ukija," nikasema. "Ili abaki."

Mlango wa pili cherehani ilisimama. Chiriku alikuwa amekaa katikati yetu anajaribu kiatu cha kulia kwenye mguu wa kushoto. Nilijua dada atanipiga, na nilimpa nafasi. Hakunipiga. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini.

"Alilia?"

"Hakulia kwa sauti. Alikalia mikono."

Dada akageuza uso akaangalia ukuta. Alikaa hivyo mpaka mtoto akamvuta gauni amwonyeshe viatu. Akamgeuzia viatu, akamfunga kamba, akainuka.

"Nionyeshe unavyofua," akasema.

Kofi lingekuwa afadhali. Nikatoa ndoo, nikatoa majivu, nikatoa yale maji yaliyokwisha tuama tangu jana. Mikono ya dada ina nyufa za kazini, na alipoichovya nilimwona anavuta pumzi kwa meno, lakini hakuitoa. Kuchekecha alikuwa hajui, nikamfundisha. Unyoya, nikamfundisha. Ya mvua kiasi gani, kijiko cha siki wakati gani. Alirudia kila kitu mwenyewe toka mwanzo, mara mbili, mimi nikiwa nimesimama pembeni. Niseme ukweli: nilikuwa nasubiri akosee. Nilimwangalia kama ninavyoangalia pindo, uzi kwa uzi, nikitafuta mahali pa kusema hapana, si hivyo, huwezi. Hakukosea. Mtu aliyefua miaka sita anajua maji. Mwisho akaifunga fulana mbichi kwenye mkono wake, akauliza, "Hivi?" Nikamwambia isubiri ikauke kwanza, halafu ndiyo hivyohivyo.

Jioni ileile akafungasha. Nguo zote zilienea kwenye mfuko mmoja wa shuka. Majivu alichukua nusu debe, akaniambia mengine atajitafutia. Mlangoni aliniambia nisije kwanza.

"Si hasira tu," alisema. "Nikikuona umemshika nitakuwa nanusa kila nguo. Nipe muda. Nitakupigia mimi."

Nikasema sawa.

Chiriku alifurahi, alidhani ni matembezi. Alishika mkono wa mama yake, akafika uani, akageuka akaniona bado nimesimama kizingitini.

"Mamdogo, vaa viatu," akasema. "Tunaondoka."

Nilimwambia tangulieni. Akasimama kunisubiri. Dada akambeba, na yeye juu ya bega akaendelea kunihimiza, vaa basi, vaa, mpaka wakakata kona ya ukuta na sauti ikawa inasikika bila maneno.

Fundi hakuja siku hiyo wala iliyofuata. Alipokuja aliweka mashati mezani, akaketi pale kwenye kigoda bila kazi yoyote, akaondoka. Alisikia yote, ukuta wetu ni mwembamba. Mashati yale niliyamaliza.

Nilingoja miezi mitatu na nusu. Simu ya dada ilikuja mchana, nikiwa nashona. Aliniambia ngozi ni safi, haina hata chunusi, anafua vilevile nilivyomwonyesha. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Akasema mtoto yuko hapa, ameanza kushika adabu, huko kwa jirani wanawafundisha. Nikamsikia anaita pembeni, njoo umsalimie mama mdogo. Nikasikia miguu midogo, kisha pumzi karibu na simu. Aliyekuwa hanyamazi alikuwa ananyamaza. Mama yake akamhimiza.

"Shikamoo," akasema, taratibu, kama watoto wanavyowaamkia watu wazima wasiowajua.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Hujambo?"

"Sijambo."

Akamrudishia mama yake simu.