Foleni Inayokua Kichwani

Jumatatu saa sita na nusu mchana, mshona sare za shule alivua viatu akapanda mzani wa chumba cha kusafishia damu. Muuguzi akatazama, akaguna.

"Kilo mbili na nusu zimezidi. Umekunywa nini, Mama Vifungo?"

"Mate yangu, mwanangu. Na hayo nayo niliyapima."

Muuguzi alimkalisha kiti cha tatu, akamchoma sindano mbili mkono wa kushoto. Damu ikatoka kwa mrija mmoja, ikapita kwenye mashine, ikarudi kwa mrija wa pili. Ulikuwa mwaka wa sita wa kazi hiyo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Subira huvuta heri, lakini miguu ya Mama Vifungo haikuwa na subira. Ilikanyaga hewa, kisigino, vidole, kisigino, kana kwamba iko kwenye cherehani.

"Umeshona ngapi leo?" aliuliza jirani wa kiti cha nne, dereva mstaafu aliyeitwa Breki kwa sababu alitembea hatua tatu akasimama.

"Sketi tatu. Bado mifuko."

"Hebu ipumzishe hiyo miguu. Kitendawili!"

"Tega."

"Nampanda, hanifikishi popote, na bado ananisema."

Mama Vifungo alitaja ngazi. Akataja kitanda. Akataja punda mgonjwa.

"Umeshindwa. Toa mji."

"Mji nitautoa wapi, shemeji, na mimi mwenyewe mpangaji? Chukua namba yangu."

"Nimeipokea. Ni mzani."

Namba hiyo ilikuwa ya pili kwenye orodha ya wanaosubiri figo. Breki alikuwa wa kumi na moja. Jumatano karani wa orodha alipofungua daftari alimkuta Breki wa pili na Mama Vifungo wa kumi na moja, kwa mwandiko wake mwenyewe karani, wino umeshakauka. Alilalamika tu kwamba michezo ya wagonjwa inamwongezea kazi. Kisha akamkata wa kwanza, fundi redio, aliyefariki Jumanne. Hivyo Breki akawa wa kwanza, na Mama Vifungo wa kumi.

Binti yake alipoambiwa, alikaa chini.

"Mama! Wenzako wanatoa mji, wewe unatoa figo?"

"Ulikuwa mzaha."

"Na daftari linajua mzaha?"

Figo ya binti ilishapimwa, ikaonekana haimfai mama. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa mkoba wa hospitali, uliokaa nyuma ya mlango tayari kwa siku watakapopigiwa simu kwamba figo imepatikana. Aliuchukua akausukuma chini ya kitanda.

Siku mbili hizo Mama Vifungo alishona mikono ya mashati juu chini. Ijumaa hakungoja hata sindano ya pili.

"Breki! Kitendawili!"

"Tega."

"Hutoka nyumbani, huzunguka mtaa, hurudi nyumbani, na mlango haukufunguliwa."

Breki aliutazama mrija wake. Damu ilikuwa inapita humo, nyekundu, mbele ya pua yake.

"Barua," alisema.

"Siyo."

"Paka."

"Paka hupita dirishani. Fikiri, mzee!"

"Nimeshafikiri. Nimeshindwa. Chukua namba."

"Jibu unalijua wewe."

"Dereva mzuri hujua pa kupisha," alisema Breki, akafumba macho.

Jumatatu Mama Vifungo alikuwa wa kwanza. Mkoba ukarudi nyuma ya mlango. Simu aliivaa shingoni kwa uzi wa sare, akaoga nayo ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Miguu yake ilikanyaga hata alipokuwa anasali. Alhamisi muuguzi alisikia kwamba figo imefika. Simu haikulia.

Ijumaa karani alileta daftari. Juu ya jina la Mama Vifungo mstari mpya ulikuwa umeota, hauna jina, na ulikuwa umeshakatwa kwa wino mwekundu. Juu ya huo ulikuwa umeota mwingine, mtupu.

"Sikuandika mimi," alisema karani. "Huota wenyewe. Hata kwa fundi redio uliota mara nne."

"Figo amepewa nani?"

"Aliyepita mlango wa nyuma. Hajawahi kukaa kwenye viti hivi."

"Na huyu mtupu?"

"Bado hajaugua."

Mama Vifungo aliugeukia mstari mtupu. "Kitendawili!" Alingoja. Hakuna aliyesema tega, kwa kuwa mstari haukuwa na mtu. Basi akawageukia waliokuwepo.

"Tega," walisema wa viti vyote.

"Foleni yetu haikui mkiani, hukua kichwani."

Chumba kizima kilijua jibu. Muuguzi alijua, akaanza kuzihesabu pamba. Karani alijua kuliko wote.

"Nimeshindwa," alisema karani. "Nakupa mji."

"Mji huo una maji?"

"Una mto mkubwa."

"Mimi naruhusiwa kunywa nusu lita kwa siku, baba. Mto nitaufanyia nini?"

"Chukua hivyo hivyo, mama. Sina kingine."

Aliuchukua.

"Umeshona ngapi?" aliuliza Breki.

"Bado mifuko."

Jumatatu mji ulikuwa umeandikwa pembeni mwa jina lake, pamoja na mto wake, kwa mwandiko safi. Namba ilikuwa ya pili. Mama Vifungo alisoma mara moja, akavua viatu, akapanda mzani.