Birika Chini ya Picha ya Ufa

Saa mbili asubuhi Saparbek alikuwa amepiga magoti kwenye malisho ya Kara-Jar, akimimina maji ya chumvi kwenye shina la kila chuma cha kupimia alichokichomeka, ili umeme upenye ardhini vizuri. Nyuma yake kondoo wa kijiji walilamba chumvi na kuving'oa vyuma kimoja kimoja. Alikuwa na miaka ishirini na mbili katika kazi hiyo, na kondoo walikuwa hawajawahi kushindwa hata mara moja.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Saparbek hakuziba wala hakujenga. Yeye alipima tu nyufa za miamba chini ya ardhi, akaandika ripoti.

Safari hii chemchemi ya kijiji ilikuwa imekauka, na watu walitaka kujua maji yamekwenda wapi. Siku ya nne, sebuleni kwa Bi Burulcha alikofikia, printa yake ilitoa picha ya ufa: ardhi kavu kwa nyekundu, maji kwa buluu. Akaibandika ukutani. Buluu ikaanza kutembea. Ilipanda taratibu kufuata ufa, ikafika chini ya malisho, kisha ikakata kulia na kuingia yote kwenye kisima kirefu cha hoteli ya maji moto. Tone la kwanza likadondoka kwenye zulia.

Bi Burulcha akaleta birika.

"Mwanangu, hiki kisima nani aliruhusu kichimbwe?"

"Kuna mtaalamu alipima, akasema hakina madhara."

"Mtaalamu gani huyo mpumbavu?"

Saparbek akanywa chai. "Wanasema ana digrii mbili."

"Ya tatu angesomea kwa kondoo." Bibi akasogea karibu na picha. Kando ya kisima ilikuwa imejitokeza sahihi ya miaka sita iliyopita, na muhuri wake. "Tena mwandiko wake mbaya kama wako."

Saparbek aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake akaipeleka picha ofisini kwao mjini, akakiri kosa lake na kuomba kisima kifungwe. Mkuu wa idara akasogeza mafaili yasilowe. Nywele zake zilikuwa bado mbichi kwa maji ya bwawa la hoteli.

"Picha safi sana, kaka," akasema. "Lakini kibali kina sahihi yako, na sahihi yako hapa tunaiheshimu."

Saparbek akarudi na picha ndani ya ndoo. Bi Burulcha akaibandika palepale. Ilitoa birika moja kila asubuhi, maji matamu yaleyale ya chemchemi, na foleni ya majirani ikafika hadi zizini.

Bibi akaitazama foleni, akamgeukia. "Mwanangu, huko ofisini kwenu hamna karatasi kubwa kidogo?"

"Zipo. Nitaandika barua ya kuomba."

"Andika," akasema bibi, akibadilisha birika. "Ila sahihi usitie wewe."