Kombe la Binti wa Byabato

Byabato alifika Kituntu kabla ya adhuhuri, miguu imevimba, amembeba bintiye mgongoni tangu kwake Mabira. Dada yake, Mwaja, aliacha ndizi alizokuwa akimenya, akakimbia kumpokea. Akamgusa mtoto kwenye paji la uso. Lo! Moto mtupu.

"Mwambie shemeji aniandikie kombe," Byabato alisema. "Dawa zetu zimeshindwa, na za padri zimeshindwa."

Shemeji ndiye Hatibu, mume wa Mwaja, muuza nguo na chumvi. Kombe alifundishwa na babake aliyetoka pwani: unaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, unaisuuza kwa maji, mgonjwa anakunywa. Siku nyingine angekuwa ameshashika kalamu. Siku hiyo, kwa balaa, barazani alikuwapo mgeni wa msafara, Shehe Abdulghani, na macho yake yalikuwa yameshaiona medali ya misheni shingoni mwa Byabato.

"Aya hiyo inataja uponyaji kwa wenye kuamini," Shehe alisema. "Huyu ameamini nini?"

"Ni watu wa Kitabu, Shehe. Mungu wanamjua."

"Hilo linahalalisha chakula chao na ndoa zao tu. Tena Kurani iliteremshwa isomwe, si inywewe."

"Babangu aliandika miaka yote."

"Babako si hoja."

Haya, shughuli ikaanza! Msahafu ukaletwa, sauti zikapanda. "Mimi naamini chochote kitakachomponya!" Byabato aliita kutoka uani. Nani wa kumsikiliza?

Mwaja alisilimu alipoolewa. Kuandika hakujua, na siku hiyo alijuta mpaka moyo ukamuuma. Akaenda kupiga magoti barazani. "Bwana, mtoto anazidiwa. Aya hiyohiyo si inataja na rehema?"

"Subiri, mke wangu. Tunakaribia."

Wanakaribia wapi, jamani? Wakasali alasiri, wakarudi palepale. Jua lilipoinama ndipo Shehe akakubali: mtoto hajabaleghe, hana dhambi, na kila mtoto huzaliwa katika Uislamu. Hatibu akaandika, tena kwa mwandiko mzuri kabisa, akasuuza, akaja uani ameshika bakuli kwa mikono miwili, anatabasamu, masikini.

Byabato hakulipokea. Mtoto alikuwa mapajani mwa Mwaja, amefunikwa kanga mpaka usoni.

"Inna lillahi," Hatibu alisema.

Abdulghani akasimama nyuma yake, akakohoa. "Sasa, tukishasema alizaliwa Mwislamu, hawezi kuzikwa migombani kwa babake. Lakini baba mwenyewe na ile medali yake..."

Mwaja hakungoja amalize. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ileile, kama anayekwenda naye shambani, akamshika kaka yake mkono. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mwaja! Unakwenda wapi?"

"Kumzika mtoto wetu."

Wakashika njia ya Mabira. Nyuma yao alimsikia Shehe akiuliza kama mke anaruhusiwa kwenda msibani bila idhini, na Hatibu, mumewe, akijibu kwamba hapo wanavyuoni wamehitilafiana.