Suti ya Barafuni

Kariakoo ukitaka kummaliza mtu huna haja ya kumchukia. Muundie kamati.

Josepha alikuwa na duka la mabegi Mtaa wa Narung'ombe, ukuta mmoja na duka langu la udi na manukato. Mchaga wa Rombo, mwembamba, mkimya. Kila alfajiri alijifunga mkanda kiunoni akaburuza matairi mawili ya lori kutoka Jangwani mpaka mlangoni kwetu. Makuli wakimwona wanapiga kelele, "Dada, gari umeliacha wapi?" Yeye anahema tu, anapita. Alikuwa anajiandaa kwa mbio za Ncha ya Kaskazini, huko ambako watu wanakwenda kwa miguu siku nyingi juu ya barafu, kila mmoja akivuta chakula na hema lake kwenye sleji, chombo cha kuteleza kisicho na magurudumu, na anayesinzia vibaya anaacha vidole. Usipoamini shauri yako. Zamani alibeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro, akasikia kwamba duniani kuna baridi kubwa kuliko ile, na tangu hapo hakutulia. Mwaka wa jana alikwenda Norwei kwenye mbio za majaribio, akamaliza, wakampa nafasi.

Nafasi ile ndiyo kitu pekee nilichowahi kumsikia akikitaka. Nilimletea wachumba wawili, wote aliwapa chai na kuwauzia mabegi.

Shemeji yangu Ghanim anauza samaki Feri na ana chumba chake cha barafu. Nilimwomba amruhusu Josepha kukaa humo. Basi alikaa katikati ya nguru na changu, glavu mikononi, akijifundisha kufunga na kufungua mafundo ya hema. Alitoka kope zimeganda, anacheka meno yote nje. Dukani hakuwahi kucheka hivyo.

Tiketi na vifaa vilimshinda. Akamwendea baba yake mkubwa, mzee Tarsis, mwenye maduka ya jumla ya vyombo. Alikwenda kuomba msaada, akapewa kamati. Mzee Tarsis si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Alikusanya ndugu, majirani na wafanyabiashara wa mtaa mzima, mimi nikiwemo, tukawa tunakutana kila Jumapili wakitoka kanisani. Palikuwa na watu wa ukumbi, watu wa chakula, watu wa mapambo, watu wa sare. Tiketi ilikatwa, vifaa vikaagizwa, hilo siwanyimi. Lakini kadiri siku zilivyokwenda, mbio zikawa hazitajwi tena. Ikatajwa sherehe ya kuaga tu.

Suti ya barafuni ilipofika, ya rangi ya chungwa, nene kama godoro la mtoto, iliwekwa mezani kikaoni ipapaswe. Mzee Tarsis akasema Josepha ataingia nayo ukumbini.

"Ba'mkubwa, hii haivaliwi huku," Josepha alisema taratibu. "Imetengenezwa isiachie joto la mwili litoke hata kidogo."

"Mwanangu, watu wamechanga. Wataona nini? Bibi harusi anaingiaje ukumbini bila shela?"

"Mimi si bibi harusi."

"Na hilo nalo tumekusamehe."

Kamati nzima ilicheka. Wanawake ndio walicheka zaidi, mijitu mizima. Tulipotoka nilimshika mkono nikamwambia akatae.

"Nikikataa siendi, Mama Muaz. Ni saa chache tu. Nimekaa kwenye chumba cha Ghanim, nitashindwa kukaa kwenye kiti?"

Sherehe ilikuwa Jumamosi alasiri, mwezi wa pili, jua la Dar likiwa halina huruma na mtu. Hatukumaliza hata maombi ya kufungulia, umeme ukakatika. Jenereta lilikuwepo, lakini halikuweza kubeba viyoyozi pamoja na muziki. Wakaulizana pale pale mbele ya wageni. Wakachagua muziki.

Josepha akaingizwa. Suti imefungwa mpaka kidevuni, kofia ya manyoya kichwani, viatu vya barafu miguuni, na nyuma yake sleji, kile kijimtumbwi chekundu cha plastiki, imepambwa maua. Vigelegele. Wakamkalisha kwenye kiti kikubwa mbele ya ndafu, yule mbuzi mzima aliyechomwa, kasimama kwenye sinia na majani mdomoni, kisu kando yake. Wote wawili wakaangaliana na wageni.

Zikaanza zawadi. Mnajua desturi yetu: meza kwa meza mnatoka mkicheza, mnamvisha mwenye sherehe khanga au kitenge. Mbichi kwa mbivu, walimvisha juu ya suti ile ile. Wa Buguruni wakamvisha, wa Upanga wakamvisha, kwaya ikamvisha, wauza vyombo wakaja na mablanketi. Blanketi, jamani! Kila meza inafunga fundo lake kifuani, inapiga picha, inarudi kukaa na kujipepea kwa kadi za mwaliko.

Nilimwona akimvuta mzee Tarsis shati. "Ba'mkubwa, nifungue kidogo."

"Subiri picha za ukoo."

Baadaye akaomba tena, na safari hii Bushiri, mshereheshaji, akasikia. Bushiri yule hawezi kusikia kitu akakiacha. Akasema kwenye kipaza sauti, "Mgeni rasmi analalamika joto! Huko kwenye barafu atatulalamikia nini?" Ukumbi ukavunjika mbavu. Josepha hakuomba tena.

Meza yetu ilipoitwa nilikwenda mikono mitupu, nikajifanya nambusu. Shingo yake ilikuwa kavu, inaunguza. Haina tone la jasho. Macho yananiangalia na hayanioni. Nikamwambia mzee Tarsis, "Huyu anaumwa, mvueni." Akanipigapiga bega. "Mama Muaz, huyu ni mtu wa mlimani, amezoea shida. Bado igizo tu."

Igizo lenyewe mzee alilitunga mwenyewe na alijivunia mno. Alikaa ndani ya sleji, suti yake ya kijivu, miguu imekunjwa, na Josepha akatakiwa amburute kuzunguka ukumbi ili wageni waone mbio zinavyokuwa. Akafungwa mkanda. Akainama. Na akavuta, jamani, hilo ndilo sitalisahau: alivuta. Alipita meza ya kwanza, akapita ya kwaya, watu wamesimama wanapunga leso. Nadhani alishafika kule kwenye barafu yake, maana alikuwa anatabasamu. Karibu na ndafu magoti yakakatika, akaanguka kifudifudi.

"Amefika!" Bushiri akapiga kelele. "Mpigieni makofi, amefika!"

Wakapiga makofi. Mzee Tarsis kwenye sleji akanyanyua mikono miwili kama mshindi.

Nikachukua kisu cha ndafu. Nilimgeuza chali, nikatafuta njia, nikakuta mafundo tu, fundo juu ya fundo. Nikachana. Nilichana khanga, blanketi na suti, kutoka kidevuni mpaka gotini, na mvuke uliotoka humo ulikuwa kama wa sufuria iliyofunuliwa. Hapo ndipo muziki ulipozimwa. Mwanamke mmoja akasema, "Jamani, ile suti!"

Niliomba barafu, wakaniletea soda baridi. Nikampigia Ghanim. Alitoka Feri na bajaji mbili zimejaa barafu ya samaki, tukamfukia Josepha humo sakafuni, kisha ndani ya gari mpaka hospitali. Magamba yaliganda kwenye nywele zake. Barafu aliyoililia miaka yote ile aliipata, ikinuka nguru.

Hakufa. Figo zilisumbua, akalazwa, ndege ikaondoka na kiti chake kitupu. Daktari alisema mwili uliopikwa namna ile usahau mashindano. Mwaka huu, mwaka ujao, pengine moja kwa moja.

Kamati haikuwa na mashaka nani wa kulaumiwa. Suti ilikuwa nzima, mimi nikaichana. Kama si mimi, angepumzika kidogo akapanda ndege. Bushiri aliapa kwamba Josepha alikuwa anaamka. Na kwa kuwa kamati yoyote lazima ivunjwe kwa karamu, waliivunja, mimi sikualikwa. Walikula, wakampa mzee Tarsis cheti cha shukrani, na Josepha, kashika fimbo, alisimamishwa awashukuru mmoja mmoja. Aliwashukuru.

Suti ikashonwa na fundi wa Mtaa wa Kongo, ikaninginizwa juu ya mlango wa duka la mabegi pamoja na picha ya sherehe. Watu wanapiga nayo picha. Josepha anakaa chini yake, anauza.

Siku aliyorudi dukani nilimpelekea uji. Alikuwa hajaniambia neno hata moja tangu hospitalini, nami nilidhani ni udhaifu. Nikamwekea bakuli mezani, nikamuuliza kama anataka sukari.

Hakuliangalia bakuli. Aliinua macho kwenye suti, kwenye ule mshono mnene kutoka shingoni mpaka gotini.

"Zipu ilikuwa mbele, Mama Muaz," alisema. "Ungefungua tu."